Vidonge vya Mwanarusi na Soda ya Chege

Mwanzoni mwa mwaka 1996, katika kiwanda kimoja cha nguo mjini Thika, majora matatu ya shuka nyeupe yalikataliwa kwenye meza ya ukaguzi asubuhi moja. Mkaguzi alikuwa Mwanarusi Juma, na sababu yake ilikuwa ileile kwa yote matatu: nyuzi zimepinda katikati. Mafundi wa mashine walilibeba jora la kwanza hadi dirishani, wakalitandaza, wakaweka rula juu yake. Nyuzi zilikuwa zimenyooka kabisa.

"Mama Firdaus," msimamizi wake, Waweru, alimwambia kwa upole, "hii nguo iko sawa."

"Iko sawa wapi? Angalia hapa. Inacheza kama maji."

Waweru aliangalia pale alipoonyeshwa. Kisha akaacha kuangalia nguo, akamwangalia yeye.

Nimeona wakaguzi wa nguo katika nchi kadhaa, na wote wana tabia moja: hawaangalii nguo kama sisi tunavyoangalia nguo. Jora linavutwa polepole juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, na wao wanatazama mahali pamoja tu, wakingoja kosa lipite. Mwanarusi alikuwa amefanya kazi hiyo tangu Firdaus, binti yake, akiwa wa kubebwa mgongoni. Mwanarusi mwenyewe alizaliwa Majengo, mtaa wa hapo hapo Thika. Baba yake alikuwa Mdigo aliyeletwa bara na kazi ya reli, na mama yake Mkikuyu aliyesilimu alipoolewa. Yeye mwenyewe aliswali kwa Kiarabu, aligomba kwa Kikuyu, na alifanya kazi kwa Kiswahili, na hakuona ajabu yoyote katika hayo.

Mwaka mmoja kabla, macho yake yote mawili yalikuwa yamewaka mekundu na kuuma, akatibiwa, wekundu ukaisha. Alidhani amepona. Sasa kila alichokitazama moja kwa moja kilikuwa na doa la ukungu katikati, na mistari iliyopita kwenye doa hilo ilijipinda. Pembeni aliona vizuri. Aliweza kuona nzi akitua kwenye bega la Waweru, lakini uso wa Waweru ulikuwa umeyeyuka.

Kiwanda chenyewe kilikuwa kinahema. Mitumba ilikuwa imejaa kila soko, na shuka za Thika hazikuwa na wanunuzi kama zamani. Waweru alimhamishia chumba cha kukunja, kazi inayofanywa kwa mikono zaidi kuliko macho, akamwambia ukweli. "Mwisho wa mwaka wananiuliza ni mkaguzi gani abaki. Wewe ndiye bora niliyewahi kuwa naye. Lakini nikitaja jina lako, lazima uwe unaona. Usipoona, hata kwa kukunja sitakuwa na nafasi."

Kwa hiyo alikuwa na mwaka mmoja wa kupata macho.

Aliyempeleka Ruiru alikuwa Kamene, mwanamke wa Kiandutu, mtaa wa mabanda wa Thika, aliyechoma mahindi karibu na lango la kiwanda. Kamene naye alikuwa na ugonjwa uleule, na alikuwa amesikia kuna kliniki ndogo ya macho huko Ruiru ambako daktari mmoja alikuwa akitafuta watu wa utafiti. Walikwenda pamoja. Daktari Wangeci alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya msingi. Aliwaketisha, akachora jicho kwenye karatasi.

"Huku nyuma," alisema, "kuna kisehemu kidogo sana, kama kichwa cha sindano. Ndicho mnachosomea, ndicho mnachotambulia sura za watu. Chenu kimevimba. Kimeingiwa na maji kama kidole kilichokaa kwenye beseni. Kuna kidonge ambacho tumekitumia miaka mingi kwa ugonjwa mwingine wa macho, na kuna dalili kwamba kinakausha maji haya. Dalili tu. Hakuna mwenye hakika."

"Sasa tupe hicho kidonge," Kamene akasema.

"Hapo ndipo utafiti unapoingia, mama. Wengine watapata dawa. Wengine watapata kidonge kinachofanana nayo kwa rangi na ukubwa, lakini ndani hakina dawa. Baada ya miezi michache tutapumzika, kisha mtabadilishana. Waliokuwa na dawa watachukua kile kitupu, na waliokuwa na kitupu watachukua dawa. Kila mtu atapata zamu yake."

"Na mimi nitapewa kipi kwanza?" Mwanarusi aliuliza.

"Sijui. Chupa zinafungwa Nairobi. Mimi sijui, nesi hajui, na nyinyi hamtajua."

Walipotoka nje Kamene alicheka hadi akashika ukuta. "Ai! Daktari hajui anachotoa! Hata mimi nikichoma mahindi najua yapi yameiva."

Lakini walirudi. Hawakuwa na pengine pa kwenda.

Siku za kupimwa zilikuwa na utaratibu wake. Kwanza walitiwa matone ya kupanua mboni, kisha sindano ya rangi ya njano mkononi, kisha wakapigwa picha za nyuma ya jicho kwa mwanga mkali. Picha zilipelekwa Nairobi kwa watu ambao hawakuwajua wagonjwa hata kwa sura. Matone yale yaliwaacha vipofu wa jua kwa saa kadhaa, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kufunga safari akiwa katika hali hiyo, wote walikaa chini ya paa la kibanda cha Chege, mkabala na kliniki, wakifumba macho na kunywa soda. Mahali pengine duniani wangepewa chai, au kahawa ya buni iliyokaangwa mbele yao. Kenya ya miaka ile ilikuwa nchi ya soda. Mtu aliyefika kwako usimpe soda alikwenda akihesabu kwamba humtaki.

Ugomvi ulianza mwezi wa pili wa vidonge. Kamene alionja, akatema.

"Chege! Hii soda imekufa gesi."

"Nimeifungua sasa hivi mbele yako, mama. Umesikia ikilia."

"Imelia, halafu imekufa. Ina ladha ya maji ya kuoshea vyombo."

Chege, kijana mwenye heshima nyingi kwa biashara yake, alifungua nyingine. Kamene akaitema hiyo pia. Mzee wa pembeni akasema na yake ni mbovu. Mwanamke mwingine akasema yake ni tamu tu, Chege asisingiziwe. Chege akachukua chupa ya Kamene, akaifuta mdomo kwa aproni, akanywa.

"Inachoma hadi puani!" alilia. "Nyinyi mnataka kuniharibia jina!"

Aliyekaa kimya kwa muda wote huo alikuwa Jeconia, fundi wa redio wa Ruiru ambaye naye alikuwa mgonjwa, mtu ambaye kwa kawaida hakuweza kukaa kimya. Alikuwa akinywa yake polepole. Hatimaye alisema, "Wenye soda mbovu, vidole vyenu vinawasha? Kama mguu uliolaliwa?"

Kamene alitazama mikono yake. "Vinawasha. Tangu nianze vidonge."

"Na wewe, mzee? Vinawasha? Haya basi." Jeconia aliweka chupa chini. "Chege, watu wangu, soda yako haina kosa. Ni dawa. Wenye dawa kweli, soda imewafia mdomoni. Wenye soda tamu tunakunywa chaki."

Kukawa na kelele. Waliokuwa wakilalamika walianza kucheka na kushikana mikono. Kamene aliomba soda nyingine ili asikie ubovu wake tena. Na Mwanarusi, aliyekuwa ameshika chupa yake iliyobaki nusu, alionja tena. Ilikuwa tamu. Ilichoma ulimi vizuri kabisa, kama ilivyomchoma siku ya Idi alipokuwa mtoto.

"Yangu pia ni tamu, dada," Jeconia alimwambia. "Karibu chama cha chaki."

Waliporudi Thika jioni hiyo, Kamene hakucheka tena. Alikuwa anaona vizuri kidogo, na sasa alijua kwa nini. Tangu wiki iliyopita alikuwa ametambua nyuso za wateja kabla hawajasema. Alimtazama Mwanarusi akipapasa ukuta wa duka kutafuta mlango.

"Haki siwezi," alisema. "Siwezi kula nikikutazama."

Siku ya pili alifika lango la kiwanda na kipande cha gazeti. Ndani yake kulikuwa na vidonge vilivyokatwa katikati kwa kisu cha mahindi, vizuri sana, kila nusu safi. "Nimegawa. Nusu zako, nusu zangu. Jeconia pia nimempelekea. Akapona yeye, nikapona mimi, ukapona wewe. Kuna ubaya gani?"

"Daktari alisema zamu itafika."

"Wee Mama Firdaus! Zamu! Umewahi kuona zamu ya mtu wa Majengo ikifika? Au ya Kiandutu? Bomba la maji walituahidi lini? Kunywa dawa, mwanamke."

Mwanarusi alifunga kile kipande cha gazeti kwenye pindo la leso yake na kuingia kazini. Alikuwa na kila sababu ya kuvimeza. Wakati huo ulikuwa mwezi wa tano, na Waweru alikuwa ameanza kumfundisha msichana mwingine kwenye meza ya kioo.

Alikunja shuka asubuhi yote, na alipokunja alikumbuka jambo lililotokea kiwandani miaka ya nyuma. Rangi mpya ya bluu ilikuwa imeletwa. Ili kuijaribu, walipaka kitambaa kimoja rangi mpya na kingine rangi ya zamani, wakavifua pamoja mara nyingi ili kuona kipi kinachuja. Mfanyakazi mmoja, kwa kumwonea huruma rafiki yake aliyechanganya rangi mpya, alikichovya kidogo kitambaa cha rafiki huyo katika rangi ya zamani ili kisiaibike. Kilifaulu. Kiwanda kikapaka shuka za oda nzima kwa rangi mpya, na shuka zote zilirudishwa zikiwa zimegeuka kijivu. Rafiki yule yule ndiye aliyefukuzwa.

Akaanza kufikiri kuhusu nusu zile. Kamene akinywa nusu, macho yake yatapona nusu, na dawa itaonekana dhaifu. Jeconia akinywa nusu, atapona kidogo, na kidonge kitupu kitaonekana kina nguvu. Wale watu wa Nairobi, wanaotazama picha bila kumjua mtu, watasema: hakuna tofauti kubwa, dawa hii haisaidii. Na watafunga mlango. Wakifunga, zamu yake haitafika kamwe, wala ya mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa hesabu ya kuumiza, kwa sababu kulikuwa na upande wa pili. Akisema, daktari angeweza kuukomesha utafiti siku hiyohiyo. Na Kamene hangemsamehe.

Siku yake ya kupimwa ilipofika, alimwambia Kamene kabla ya kuingia. "Sijavimeza. Vyote hivi hapa. Nitamwambia daktari."

"Utanichongea?"

"Nitamwambia vidonge vimegawanywa. Jina lako utalitaja wewe au utanyamaza wewe."

"Maitu! Mama yangu!" Kamene alisema, akageuka akaenda kukaa upande mwingine wa kibanda cha Chege, mgongo ukiwa kwake.

Daktari Wangeci alisikiliza hadi mwisho. Hadithi ilipofika kwenye soda, daktari alifunika uso kwa mikono, na Mwanarusi alidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini si kwa furaha.

"Dawa hii inaua mchomo wa soda ulimini," alisema. "Ni jambo linalojulikana. Niliwaambia inaweza kubadilisha ladha ya chakula. Sikufikiria kibanda cha Chege. Nilipaswa kufikiria, mimi mwenyewe hunywa hapo."

"Utafiti umekwisha?"

"Kwa soda peke yake, hapana. Picha hazinywi soda, mama. Wanaozisoma hawajui nani ni nani, na maji yaliyo nyuma ya jicho hayajui mwenye jicho anaamini nini. Lakini vidonge vikigawanywa, hapo sina kitu. Nina picha nzuri za uongo." Alishika kalamu. "Mmegawana wangapi?"

"Waulize wao."

Daktari alitoka nje na koti lake jeupe, akavuka barabara na kusimama chini ya paa la Chege. Wagonjwa walikuwa wamekaa wakiwa wamefumba macho, na ilibidi aseme jina lake ili wamjue. Hakukaripia. Aliwaeleza kuhusu zamu tena, na safari hii aliwaeleza kwa namna nyingine: kwamba chupa za zamu ya pili zilikuwa tayari zimefika, na zimefungiwa kabatini, na yeyote aliyetaka kuziona angeweza kuja kuziona.

"Tuzione," Jeconia alisema.

Walivuka barabara wakiwa wameshikana mabega, kila mtu na mboni pana kama za paka, wakaingia kwenye chumba cha dawa. Nesi alifungua kabati. Walizigusa chupa moja moja kwa sababu hawakuweza kuzisoma. Mwanarusi alitikisa yake na kusikia vidonge vikigonga. Kweli vilikuwamo.

Ndipo Kamene aliposema, "Ni mimi nilikata. Na kisu cha mahindi." Na Jeconia akasema, "Na mimi nilimeza. Nilimeza na soda, ili nijue inakufaje."

Wote wawili waliondolewa kwenye hesabu ya utafiti. Hakukuwa na njia nyingine, na daktari aliwaambia hivyo bila kuzunguka. Lakini aliwaambia pia kwamba kuondolewa kwenye hesabu si kuondolewa kwenye kliniki. Angewatibu kwa dawa ileile, waziwazi, kwa uangalizi, na bila kisu. Kamene alirudi Thika bila kumsemesha Mwanarusi. Alikaa hivyo wiki kadhaa. Kisha asubuhi moja alimwita langoni, akampa hindi la moto, na kumwambia, "Nimekasirika bado. Kula."

Mapumziko yalipita. Zamu ya pili ilianza miezi ya baridi, wakati Thika inapokuwa na mawingu mchana kutwa na watu wanavaa makoti hadi saa sita. Mwanarusi alimeza kidonge cha kwanza mbele ya Firdaus. Baada ya siku chache vidole vikaanza kumwasha, akawa anakwenda chooni kila saa hadi wenzake wa chumba cha kukunja wakamuuliza kama ana mimba. "Kwa umri huu?" aliwajibu. "Labda ya soda."

Ukungu haukuondoka kwa kishindo. Ulipungua kama doa la maji linavyokauka kwenye sakafu, kutoka pembeni kwenda katikati. Kwanza alijua rangi ya macho ya Firdaus. Kisha alisoma jina la duka ng'ambo ya barabara, herufi zikiwa bado zina mtetemo. Jicho la kushoto lilirudi karibu lote. La kulia lilibaki na kivuli chembamba ambacho daktari alimwambia huenda kisiondoke, kwa kuwa lilikuwa limevimba muda mrefu kabla hajatibiwa.

Mwezi wa kumi na mbili Waweru alimwita kwenye meza ya kioo. Hakumwambia ni mtihani, lakini msichana mpya alisimama pembeni na mikono nyuma, kwa hiyo wote walijua. Jora lilivutwa. Mwanarusi alisimama upande wa kulia wa meza badala ya katikati, ili jicho la kushoto lifanye kazi. Alifunga uzi mwekundu mahali pa kosa la kwanza, kisha la pili. Alikosa la tatu, na msichana akalionyesha kwa kidole, kwa aibu. La nne na la tano aliyaona kabla ya msichana.

Waweru alizihesabu zile nyuzi nyekundu. "Nguo nyeupe mchana, kwenye mwanga," alisema mwishowe. "Za maua atakagua huyu. Nitawaambia nahitaji wawili."

"Watakubali?"

"Sijui. Lakini majina nitakayotaja ni mawili." Na walikubali, angalau kwa mwaka uliofuata, na katika kiwanda cha nguo cha miaka ile mwaka mmoja haukuwa kitu kidogo.

Nilipomfahamu Mwanarusi, mwaka 1998, Daktari Wangeci alikuwa ameanza utafiti mwingine, wa tiba ya mwanga kwa wenye kisukari waliovimba mahali palepale nyuma ya jicho. Safari hii jicho moja lingetibiwa mapema na jingine lingesubiri. Siku za wagonjwa wapya alimwomba Mwanarusi aje kukaa nao kwenye benchi. Hakuwa na cheo. Kazi yake ilikuwa kujibu maswali ambayo watu hawamuulizi daktari.

Asubuhi niliyokuwapo, mzee mmoja wa Kiandutu aitwaye Kagwe, aliyevaa sweta ya kijivu, alikaa karibu naye na kumsogezea sikio.

"Niambie wewe. Wanasema jicho moja litangoja. Hiyo si kunifanya mbuzi wa majaribio?"

"Mbuzi haulizwi, mzee. Wewe umeulizwa, na unaweza kukataa."

"Na nikikubali, lile linalongoja?"

"Litangoja. Nami nilingoja."

"Halafu?"

"Halafu zamu yangu ikafika."

Mzee hakuridhika. "Zamu ya serikali au zamu ya kweli?"

Mwanarusi alimgeukia, akainamisha kichwa kidogo upande wa kulia kama afanyavyo siku hizi, akamtazama kwa kitambo.

"Hii sweta umeshonewa wapi?"

"Mke wangu ameifuma. Kwa nini?"

"Hapa begani, upande wa kushoto, ameruka uzi mmoja. Ukifua mara mbili tena, itaanza kufumuka."

Kagwe alipeleka mkono begani. Vidole vyake vilitafuta juu, vikashuka, vikarudi, vikasimama.

"Uuu," alisema. "Kweli upo." Akakaa akiushikilia uzi ule kwa vidole viwili, na nesi alipoliita jina lake, aliinuka.